Kazi ya Kurudi Nyumba Ile Ile

Mtoto wa miezi tisa anakohoa tangu jana. Mama amempakata, na mbele yao ameketi jirani aliyeshika saa ndogo ya kuhesabia. Jirani anaomba fulana ya mtoto ipandishwe, anasubiri atulie, kisha anakaza macho kifuani na kuhesabu kila kifua kinapopanda. Dakika moja kamili, si nusu dakika halafu kuzidisha kwa mbili. Mtoto akilia, hesabu inaanza upya. Mwishoni anapata 54.

Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za kasi mno. Akishatimiza mwaka, na hadi afike miaka mitano, mpaka unashuka kuwa 40. Mwenye kikohozi na pumzi za kasi hiyo huchukuliwa kuwa na nimonia, na pale sera ya nchi inaporuhusu huanzishiwa dawa ya amoksilini papo hapo nyumbani. Lakini kama kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta hewa, kama hanyonyi, kama anatapika kila anachopewa, kama amepata degedege au amelegea hata kumwamsha ni shida, huyo hatibiwi nyumbani. Anapewa rufaa, na anaondoka sasa hivi.

Jirani huyu si nesi wala daktari. Ni mhudumu wa afya ya jamii, na ile dakika moja ya kuhesabu imebeba sehemu kubwa ya ninachotaka kueleza. Ni jambo dogo, linafundishika kwa muda mfupi, ni rahisi kulifanya ovyo, na faida yake yote iko katika kufanyika leo badala ya keshokutwa.

Watu hawa wana majina mengi, na mkanganyiko unaanzia hapo. Tanzania huwaita wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kenya ilipowazindua upya mwaka 2023, neno "kujitolea" liliondolewa kwenye jina lao. Nepal ina wanawake wa kujitolea tangu 1988. India ina wale wanaojulikana kama ASHA tangu 2005, nao wamefika takriban milioni moja. Ethiopia ilianza mpango wake mwaka 2003 ikachagua njia tofauti: wanawake waliosoma sekondari, wakafundishwa mwaka mzima, wakaajiriwa na serikali kwa mshahara. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema wahudumu hawa wanaleta mabadiliko makubwa, na mwingine anasema ni kupoteza fedha, muulize kila mmoja anazungumzia wepi: mwenye mafunzo ya mwaka na ajira, au aliyehudhuria semina ya siku tano akapewa fulana na kofia?

Ucheleweshaji wa aina tatu

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipendekeza namna ya kuelewa kwa nini wajawazito hufa kwa matatizo yanayotibika. Walisema kuna kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika inakotolewa, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mgawanyo huo ulitengenezwa kwa ajili ya uzazi, lakini hautofautishi sana kati ya mjamzito anayetoka damu, mtoto mwenye homa na mzee mwenye shinikizo la damu. Sijaona kipimo kizuri kuliko hiki cha kujua mhudumu wa afya ya jamii anaweza nini na hawezi nini.

Kuchelewa kwa kwanza ndiko uwanja wake. Wengi hudhani watu huchelewa kwa kutojua, kwa hiyo dawa yake ni mabango na matangazo ya redio. Kutojua kupo, ila mara nyingi kuna mambo mengine chini yake. Kuna hofu ya gharama, aibu, kumbukumbu ya kufokewa mara ya mwisho, watoto wengine wasio na wa kuwaangalia, na lile tumaini la kibinadamu kwamba kesho itakuwa afadhali. Bango haliwezi kujua kwamba mwenye kauli ya mwisho katika nyumba hii siye anayefungua mlango. Jirani anajua. Anajua pia saa ya kumkuta, na maneno ya kuanzia.

Kuchelewa kwa pili anakupunguza kwa njia mbili. Ya kwanza ni maandalizi: wiki kadhaa kabla ya kujifungua, familia inaulizwa itatumia usafiri gani usiku wa manane, nani atasindikiza, nani atabaki na watoto. Ya pili ni kugeuza mwelekeo wa safari, yaani badala ya mgonjwa kuifuata dawa, dawa inamfuata mgonjwa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja mwaka 2012 la kuunga mkono utaratibu huo kwa watoto walio chini ya miaka mitano: kipimo cha haraka cha malaria na dawa mseto, amoksilini kwa nimonia, na chumvichumvi za kuongeza maji pamoja na vidonge vya zinki kwa kuharisha. Unaongezwa utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu, ambao ukisoma chini ya milimita 115 unaonyesha utapiamlo mkali. Magonjwa matatu na utepe mmoja. Orodha ni fupi kwa makusudi, kwa sababu hayo matatu yako miongoni mwa yanayoua watoto wengi zaidi, na yote yana tiba ambayo saa chache zinaweza kuamua kama itafaa.

Kuchelewa kwa tatu hana uwezo nako hata kidogo. Hawezi kuleta damu kwenye benki ya damu iliyo tupu, wala kumwamsha mtaalamu ambaye hayupo zamu. Na hapa ndipo anapoumia kuliko wanavyofikiri wanaopanga mipango kutoka ofisini. Kila rufaa ni ahadi aliyoitoa yeye, lakini anayetakiwa kuitimiza ni mwingine. Mgonjwa akifika akakosa dawa, haendi kuidai wizara. Anarudi mtaani, na mara nyingine mlango ukigongwa haufunguliwi.

Wazo la zamani lililokosewa mara nyingi

Katika miaka ya 1930, wilayani Ding Xian nchini China, daktari Chen Zhiqian aliwafundisha wakulima kuandika vizazi na vifo, kuchanja ndui na kutoa huduma ya kwanza kwa kisanduku cha dawa chache. Miongo mitatu baadaye wazo kama hilo lilipanuliwa nchi nzima kwa wale waliojulikana tangu 1968 kama madaktari pekupeku, na katika miaka ya 1970 idadi yao ilipita milioni moja. Ulimwengu ulivutiwa. Mkutano wa Alma-Ata wa Septemba 1978, katika mji unaoitwa sasa Almaty nchini Kazakhstan, uliwataja wahudumu wa jamii kuwa sehemu ya afya ya msingi, bega kwa bega na madaktari, wauguzi na wakunga.

Kilichofuata hakifurahishi. Nchi nyingi zilinakili sura ya nje tu: chukua mwanakijiji, mfundishe kidogo, mwache. Mipango mingi ilinyauka ndani ya miaka ya 1980. Hata China yenyewe iliwapoteza wa kwake, na sababu inafaa kukumbukwa. Madaktari pekupeku walilipwa kwa alama za kazi kupitia komuni, yaani jumuiya za wakulima waliolima kwa pamoja. Komuni zilipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mfuko uliowalipa ulitoweka nazo, na mwaka 1985 jina lenyewe lilifutwa rasmi. Hawakuondolewa kwa sababu walishindwa kutibu. Walikosa wa kuwalipa.

Pale kazi ilipopangwa kwa umakini, matokeo yalishangaza. Huko Gadchiroli, India, madaktari wawili, Abhay na Rani Bang, waliwafundisha wanawake wa vijijini kumpima uzito mtoto mchanga, kumtunza asipoteze joto, kumsaidia aliyeshindwa kupumua anapozaliwa, kutambua dalili za maambukizi ya damu, na hata kumchoma sindano ya antibiotiki. Kufundisha mtu asiye mtaalamu kumdunga sindano mtoto wa siku tatu ni jambo la kumtia daktari yeyote wasiwasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999: kufikia mwaka wa tatu, vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua kwa asilimia 62 vikilinganishwa na vijiji ambavyo havikuwa na huduma hiyo. Miaka kumi baadaye, mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani na UNICEF yakapendekeza mtoto mchanga atembelewe nyumbani ndani ya saa 24 za kwanza, kisha siku ya tatu, kisha kabla ya wiki kwisha. Ratiba hiyo inafuata siku ambazo kifo huwa karibu zaidi na mtoto.

Mfano wa Bangladesh naupenda zaidi, kwa sababu ulianza vibaya. Kati ya 1980 na 1990 shirika la BRAC lilituma wafanyakazi wanawake nyumba kwa nyumba kufundisha akina mama kutengeneza maji ya kunywa ya mgonjwa wa kuharisha kwa chumvi ya kufinya kwa vidole, sukari guru ya konzi moja na maji ya kipimo maalumu. Walizifikia zaidi ya kaya milioni 12. Malipo ya mfanyakazi hayakufuata idadi ya nyumba alizoingia. Mkaguzi alipita baadaye akawauliza wale mama wanakumbuka nini, na kadiri walivyokumbuka ndivyo alivyolipwa. Hata hivyo ilionekana kwamba wengi walikumbuka vizuri lakini hawakuyatumia. Uchunguzi ukagundua kitu cha kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja: baadhi ya wafundishaji wenyewe hawakuyaamini yale maji, na wakiharisha walimeza vidonge. Ikabidi waelimishwe upya namna maji yale yanavyofanya kazi mwilini, na wakati wa somo wayanywe wenyewe mbele ya akina mama. Hapo matumizi yakapanda. Wenyeji walikuwa wameisoma mioyo ya wageni wao kabla ya watafiti kufanya hivyo.

Anayetaka kuingia katika kazi hii

Sifa za kuchaguliwa hutofautiana, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unaweka mambo wazi: elimu inayolingana na majukumu, kukubalika na jamii, na tabia inayofaa kazi. Umri na hali ya ndoa visitumike kumkata mtu. Hilo la ndoa linasemwa kwa sababu kwingine walitakiwa walioolewa tu, kwa hoja kwamba msichana angefundishwa kisha ahame.

Namna ya kuchagua ina uzito kuliko inavyoonekana. Jimbo la Ceará, Brazili, lilipoanza kuajiri wahudumu mwaka 1987, waombaji walisailiwa mmoja mmoja, na waliokosa nafasi waliambiwa wasiondoke mikono mitupu: wakimwona aliyechaguliwa hazunguki nyumbani kwa watu, watoe taarifa. Waliochaguliwa nao walipigwa marufuku kumpigia kampeni mwanasiasa yeyote wakiwa kazini. Ukizingatia ni mara ngapi nafasi hizi hugawanywa kama shukrani baada ya uchaguzi, naona huo ulikuwa ujanja wa hali ya juu.

Mafunzo yanaweza kuwa ya siku kadhaa au ya zaidi ya mwaka. Wanafunzi wengi huogopa sehemu ya dawa, lakini nionavyo mimi sehemu ngumu ni kuuliza. Ukimuuliza mtu, "Mnalala kwenye chandarua?" atajibu ndiyo, kwa adabu tu. Ukiuliza, "Jana usiku nani alilala wapi?" unaanza kupata picha ya nyumba: vitanda viwili, chandarua kimoja, na watoto watatu sakafuni. Ukimuuliza mgonjwa kama anameza dawa zake, utasikia jibu la kukuridhisha. Ukimwomba mhesabu pamoja vidonge vilivyobaki, utajua.

Wiki za mwanzo hazina ushujaa wowote. Ni kuchora ramani ya eneo, kuandikisha kaya, kujua nyumba ipi ina mjamzito, ipi ina mtoto ambaye kadi yake ya chanjo imeishia katikati, ipi ina mtu aliyeanza dawa za kifua kikuu. Rejesta inachosha, na ndiyo inayotofautisha kazi hii na kampeni. Kampeni hupita na gari lenye spika. Mwenye rejesta anajua nani hakuwepo, na anajua tarehe ya kurudi. Mgonjwa wa kifua kikuu wa kawaida kwa miaka mingi ametakiwa kumeza dawa miezi sita, na kufikia mwezi wa pili kwa kawaida anajisikia mzima. Daktari aliyemwandikia dawa hayupo siku anapoamua kuziacha. Jirani yupo.

Ila ujirani una makali pande zote mbili. Anayekujua vizuri ndiye unayeogopa zaidi asijue. Wapo wanaopita vituo viwili vya afya kwenda cha tatu ili tu wasikutane na sura wanayoifahamu. Usiri hauishii katika kufunga mdomo, kwa sababu hata miguu husema. Mhudumu anayeonekana akiingia tu kwenye nyumba zenye wanaoishi na virusi vya UKIMWI amekwisha kutangaza, bila kufungua kinywa. Njia ya kulinda siri ni kuingia nyumba zote. Mpango wa Brazili, ambao wahudumu wake huzuru kila kaya ya eneo lao kila mwezi, unapata faida hii pasipo kuitangaza: hakuna anayeweza kukisia lolote kwa kuuona mlango uliofunguliwa.

Kuhusu malipo, nitasema bila kuzunguka. Wengi wa wanaofanya kazi hii ni wanawake, na neno "moyo wa kujitolea" limetumiwa mno kuwanyima ujira. Mtu anayetembea nyumba kwa nyumba, anayeamshwa usiku, anayebeba dawa na takwimu za serikali, anafanya kazi. Mwongozo wa 2018 unapendekeza alipwe kulingana na majukumu, saa na ugumu wa kazi, awe na mkataba wa maandishi, na asilipwe kwa kutegemea tu, au kwa sehemu kubwa, idadi ya huduma alizotoa. Sharti hilo la mwisho lina mantiki. Ukilipa kwa kila mjamzito aliyesindikizwa kujifungulia hospitali, wajawazito watasindikizwa, jambo ambalo ni jema. Lakini mzee mwenye kisukari asiye na malipo kwenye jedwali atasubiri. Kwa hiyo kabla ya kukubali uteuzi, uliza malipo ni ya namna gani, yanatoka mfuko gani, na mradi ukifungwa itakuwaje. Anayekuajiri akikasirishwa na maswali hayo, umeshapata jibu.

Uliza pia kuhusu ukubwa wa eneo. Brazili iliweka kikomo cha watu 750 kwa mhudumu mmoja. Sehemu nyingine mtu mmoja hupewa kaya zisizotembeleka hata kwa miezi mitatu, kisha kila mradi unaokuja, wa malaria, wa lishe, wa uzazi wa mpango, humwongezea daftari lake. Na uliza ni nani atakayekusimamia, na akija atafanya nini. Wapo wasimamizi wanaokuja kuchukua fomu na kuondoka. Msimamizi wa kweli hukaa na mhudumu kando ya mtoto, kila mmoja na saa yake, wote wawili wahesabu pumzi bila kutajiana namba, kisha walinganishe. Ujuzi usiotumika huchakaa haraka. Dawa zikikosekana kwenye mkoba miezi miwili, mhudumu huanza kukwepa nyumba zenye wagonjwa, kwa sababu hana cha kuwapa zaidi ya pole.

Kuna jambo moja ambalo mafunzo mengi huligusa juu juu: mhudumu ana mabwana wawili. Mfumo wa afya unamtaka alete takwimu, aseme nani ameacha kliniki, mtoto gani amefariki na kwa nini. Jamii inamtaka awe wao, awasemee kwamba kituo hakina maji na kwamba nesi fulani anatukana. Akiegemea upande wa kwanza mno, anaonekana mpelelezi. Akiegemea wa pili mno, kituoni wanamwona msumbufu. Hakuna kanuni ya kuumaliza mvutano huu, na sidhani kwamba unapaswa kumalizwa. Mipango iliyomfanya kuwa karani wa takwimu peke yake ilipata fomu zilizojazwa vizuri na nyumba zilizofungwa.

Turudi kwa yule mtoto. Utaratibu unataka aliyeanzishiwa dawa nyumbani aonwe tena siku ya tatu, hata kama mama anasema kapona. Jirani anarudi na saa yake. Fulana inapandishwa, anasubiri, anahesabu: 38. Anauliza vidonge vimebaki vingapi, anaeleza kwa nini havipaswi kuachwa, anaandika. Wakati anafunga daftari, kutoka chumba cha ndani anasikia kikohozi kingine, kizito, cha mtu mzima. Anauliza ni nani. Ni bibi, anaambiwa, anakohoa tangu mwezi uliopita, lakini huyo ni utu uzima tu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji kupimwa kifua kikuu. Anafungua daftari tena.